Fleti mpya ya kupangisha Mombasa: majibu kwa wanaotaka kununua

Barua nyingi za siku hizi zahusu fleti zinazochipuka Nyali, Bamburi, Tudor na Kizingo. Nimechagua tano.

Nimeonyeshwa fleti mpya ya vyumba viwili Nyali kwa shilingi milioni 10. Ajenti anasema itapangishwa 60,000 kwa mwezi, yaani asilimia 7.2 kwa mwaka. Ada ya huduma ni 8,000 kwa mwezi. Niingie?

Hesabu ya ajenti ni sawa, ila ni ya mtu asiyelipa chochote na ambaye mpangaji wake hahami. Tuifanye upya. Weka mwezi mmoja nyumba iko tupu: pato la mwaka ni 660,000. KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, huchukua asilimia 7.5 ya pato ghafi la nyumba ya kuishi kwa mwenye kupata kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka; hapo 49,500 zimekwenda, na huruhusiwi kutoa gharama kwanza. Ada ya huduma ni 96,000. Ajenti wa kukusanya pango, tuseme asilimia 8, ni 52,800. Tenga 40,000 za rangi, mabomba na kitasa kilichovunjwa. Zinabaki 421,700.

Upande wa bei nao, ongeza ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini, pamoja na wakili na gharama ndogondogo. Milioni 10 yako imekuwa kama milioni 10.6. Faida halisi ni karibu asilimia 4. Hati fungani za serikali, yaani pesa unazoikopesha serikali kwa riba, zimekuwa zikilipa zaidi ya asilimia 10 kwa miaka kadhaa, wala hazipigi simu usiku kuwa choo kimeziba. Kwa hiyo unachonunua hasa ni matumaini kuwa bei ya nyumba itapanda. Huenda ikapanda, lakini Nyali fleti mpya hazikomi kujengwa, na kila jengo jipya ni mshindani wako. Kwa bei hiyo mimi singeingia. Kwa milioni 7 ningekaa kitako tuzungumze.

Mjenzi anatoa punguzo kubwa kwa anayelipa sasa, jengo likiwa bado ramani tu. Kuna hatari gani?

Hatari ni kuwa pesa zako ndizo zinazojenga, na akikwama mmekwama nyote. Tafuta wakili wako, si yule aliyeletwa na mjenzi, apekue hatimiliki ya kiwanja. Ikiwa imewekwa rehani benki, benki hiyo iandike kuwa itaiachilia fleti yako ukimaliza kulipa. Taka kuona kibali cha kaunti, leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, na usajili wa NCA, mamlaka ya ujenzi. Lipa kwa hatua za ujenzi, si kwa tarehe za kalenda: msingi, slabu, paa.

Kisha uliza utapewa hati gani mwishoni. Sheria ya mwaka 2020 ya umiliki wa fleti inampa kila mnunuzi hati yake mwenyewe, pamoja na fungu lake katika sehemu za pamoja. Mjenzi akikwambia hisa za kampuni ya jengo zinatosha, kumbuka wazee wetu wa mtaa wa Majengo waliojenga nyumba juu ya ardhi ya wengine, na kesi walizowaachia wajukuu.

Nipangishe kwa mwaka au niweke fanicha nipokee wageni wa siku mbili tatu?

Wageni wanalipa vizuri Desemba, Agosti na Pasaka. Masika ikiingia utahesabu siku tupu huku bili ya stima na mshahara wa msafishaji vikiendelea. Kanuni za jengo zisome kabla ya kununua, maana yako majengo yanayokataza wageni wa muda mfupi, na leseni ya mamlaka ya utalii inahitajika. Ukiwa mbali na Mombasa, mpangaji wa mwaka.

Mimi niko Muscat, ndugu yangu atanisimamia. Kodi ni ileile?

La. Ikiwa kwa sheria ya kodi huhesabiwi mkaazi wa Kenya, kiwango ni asilimia 30 ya pato ghafi, si 7.5. Hapo ule mfano wa kwanza unabaki na faida ya kiasi cha asilimia 2.5. Na kama huna uraia wa Kenya, ardhi utaipata kwa mkataba wa kukodi usiozidi miaka 99. Ndugu yako mpe hati ya uwakilishi iliyosajiliwa, na pango liingie benki kwa jina lako. Udugu utadumu zaidi hivyo.

Nitajuaje kama jengo jipya ni imara?

Upya huficha mengi. Chumvi ya baharini hula vyuma vya roshani, bawaba na mashine za AC za nje, hasa upande unaotazama bahari. Waulize wanaokaa jengo la mjenzi huyohuyo lenye miaka mitano. La pili ni maji. Ya mji hutoka mbali, kwenye vyanzo vya Mzima, Marere na Baricho, na hayatoshi, kwa hiyo majengo mengi hutegemea visima na maboza, yaani malori ya maji. Fungua bomba la jikoni uonje. Yakiwa ya chumvi, uliza ni maboza mangapi hununuliwa kwa mwezi na nani hulipa, maana swali hilohilo ndilo mpangaji atakalokuuliza wewe.