Wadudu-kibibi wamejaa dirishani na nje ni theluji: la kufanya

Kwa mnaoishi Ulaya, Marekani au Canada: kwenye Oktoba, siku ya jua baada ya baridi ya kwanza, ukuta unaopigwa na jua la alasiri huweza kujaa wadudu-kibibi, wale wa duara wenye mgongo mwekundu au wa chungwa na madoa meusi. Hawafuati chakula. Wanatafuta ufa wa kulala mpaka baridi iishe.

Kabla ya baridi hujaza mafuta mwilini, kisha huacha kutaga mayai na huzubaa. Akiba hiyo ndiyo ya kuwafikisha mwisho wa baridi, kwa hiyo adui yao mkubwa ndani ya nyumba ni hita. Chumbani kwenye nyuzi 20 mafuta huisha upesi, na hewa kavu inawakausha. Wanaoamka sebuleni Januari wengi hufa.

Wakiwa wachache, wasukumie kwenye kikaratasi, watie kwenye boksi lenye matundu na majani makavu, uliweke kwenye banda au gereji isiyo na hita. Usiwamwage kwenye theluji. Mwili uliozoea joto haustahimili baridi ya ghafla.

Wakiwa mamia, tumia mashine ya kufyonza vumbi. Ingiza soksi ndefu ya nailoni ndani ya bomba, kunja mdomo wake kwa nje na uubane na mpira. Fyonza, toa soksi kabla hujazima mashine, ifunge fundo. Ukisahau hatua hiyo wataanguka sakafuni wote. Usiwaponde wala kuwafagia kwa nguvu: hutoa majimaji ya njano kwenye viungo vya miguu, yananuka na yanatia madoa kwenye mapazia. Dawa ya kupuliza ndani ya ukuta nayo ni hasara, maana mizoga huvuta wadudu wanaokula mazulia na nguo za sufu.

Wanaoingia kwa makundi kwa kawaida ni wa asili ya Asia, waliopelekwa Marekani makusudi kula vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mimea. Uingereza walionekana 2004. Kumtambua, mtazame nyuma ya kichwa: sehemu nyeupe yenye alama nyeusi kama M. Aina nyingine, yule mwenye madoa saba, kwa kawaida hulala nje, kwenye mashina ya nyasi na majani yaliyoanguka.

Ziba nyufa kwa silikoni mwishoni mwa Agosti au Septemba: pembeni mwa fremu, panapopita nyaya na mabomba, chini ya mlango. Ukiziba Novemba umewafungia ndani ya ukuta, watatokea upande wa chumbani.

Bustanini acha majani makavu na mabua mpaka baridi iishe kabisa. Ukitaka kuwatengenezea makazi, funga mabua matupu ya sentimita 15 hivi na uyalaze chini ya paa, upande usiopigwa na jua. Jua la Februari huwaamsha mapema, na unyevu huleta kuvu inayowaua wakiwa usingizini.