Maswali ya wasomaji: Kuwapiga picha maji moto wakishona majani

SWALI: Kwenye mlimao wangu maji moto (chungu wanaojenga viota vya majani mitini) wanavuta majani na kuyabana pamoja. Nataka picha inayoonyesha wanavyoyashona, lakini nikikaribia wanaacha kazi, na picha zinatoka na ukungu. Natumia simu, ila naweza kuazima kamera yenye lenzi ya makro, ile ya kupiga vitu vidogo kwa karibu.
— Msomaji, Tanga

JIBU: Wanaovuta majani sio wanaoshona. Wavutaji hujipanga ukingoni mwa jani, na pengo kati ya majani likizidi urefu wa mdudu mmoja hushikana viuno wakawa mnyororo. Mshonaji huja akiwa amebeba buu mweupe kwenye taya. Humgusisha jani hili, kisha lile, na buu hutoa uzi wa hariri. Mdudu mzima hana hariri hata kidogo, kwa hiyo picha isiyo na buu bado haijaonyesha ushonaji. Tafuta kiota kipya ambacho pengo lake liko wazi. Palipokwisha kutanda utando mweupe umechelewa.

Wanaacha kazi kwa sababu wanaona vizuri: kivuli chako na mkono unaosogea vinatosha, na pumzi pia huwashtua. Ukiona mmoja amepanua taya na kuinua tumbo juu, usipige. Rudi nyuma, tulia dakika chache, kisha sogea polepole ukipumulia pembeni.

Sasa ukungu. Kwa lenzi ya makro kwenye 1:1 (mdudu anatua kwenye kihisi cha kamera kwa ukubwa wake halisi) na f/11 (kipimo cha tundu la lenzi), sehemu inayotoka wazi ni kama milimita 1 tu, na mdudu mwenyewe ana kama milimita 8. Piga kwenye 1:2, yaani nusu ya ukubwa halisi, utapata karibu mara tatu ya hapo, na umkabili ubavuni ili mwili wake wote uwe sambamba na lenzi. Weka ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 200, shata sekunde 1/200, na utumie flashi. Usiielekeze moja kwa moja, maana migongo yao inang'aa na hariri inapotea. Kata kipande cha dumu jeupe la plastiki, ukiweke mbele ya flashi, na mwanga uje kutoka ubavuni au nyuma kidogo. Nyuzi huonekana vizuri zaidi zikiwa mbele ya majani yaliyo kivulini.

Lenzi ya kubandika kwenye simu inakulazimisha kufika sentimita 2 au 3. Kwa wadudu hawa ni karibu mno. Afadhali ukae sentimita 15, ukuze mara 2, ubonyeze kioo na kushikilia mpaka fokasi ijifunge, kisha usogeze simu yenyewe mbele na nyuma huku ukipiga mfululizo.

Upepo nao huharibu. Piga asubuhi mapema. Siku moja kabla, chomeka mti ardhini na ufunge tawi nusu mita chini ya kiota. Ukilishika siku ile ile watakumwagikia. Paka grisi kwenye miguu ya stendi, la sivyo watapanda hadi kwenye lenzi.

SWALI: Nikipasua kiota kidogo, si watakuja kukishona mbele yangu?
— Msomaji, Mtwara

JIBU: Watakuja, lakini kwanza watatoka kwa mamia kupigana, na utapata picha za vurugu huku mabuu yakiwa wazi. Tunakuomba usifanye hivyo, hasa kwenye mikorosho, ambako hula wadudu wanaofyonza machipukizi. Fuatilia viota vya zamani: majani yake yakikauka na kuwa ya kahawia, maji moto huhamia kwenye majani mabichi ya jirani na kuanza kushona upya.