Bunduki ya gumegume haiingii kwenye gari lenye hita

Mkuu, hiyo bunduki ya gumegume, ile ya kushindiliwa kwa mdomo na kuwashwa kwa cheche za jiwe, usiiingize garini. Umeuliza mambo mengi kuhusu kupitisha muda dunguni msimu wa gumegume huko Pennsylvania: simu, kitabu, muziki masikioni, chai, chakula. Mwishoni ukatupia, kama jambo dogo, kwamba ikifika saa nne asubuhi baridi ikikuzidi utashuka, ukae nusu saa kwenye gari lenye hita, bunduki ikiwa imeshindiliwa magotini, halafu urudi. Hilo la mwisho ndilo litakalokula msimu wako. Wangu limeshaula, na aliyenishauri ni muuzaji wa duka la bunduki, tena kwa kujiamini: baruti inapenda joto, eti ukiiweka penye joto inakauka. Haikauki. Inalowa.

Toa chupa ya soda kwenye friji uiweke mezani uone inavyotoka jasho. Mtutu ni vilevile. Chuma kilichokaa nje saa tatu kwenye nyuzi 5 chini ya sifuri, ukikiingiza kwenye gari lenye nyuzi 20, watu wanapumua na theluji inayeyuka kwenye viatu, kinashika umande ndani ya dakika chache. Ule wa nje utauona, utaufuta kwa mkono wa koti, utadhani umemaliza. Kazi iko kwa ule usioonekana: chini ya bamba la chuma linalopigwa na jiwe, kwenye uso wa jiwe lenyewe, ndani ya kisahani kinachotiwa baruti ya kuwashia, na ndani ya kitundu cha moto kinachopeleka moto kwenye baruti kuu mtutuni. Kile kitundu kina upana wa kama milimita 1.6 tu. Tone moja linakiziba.

Baruti nyeusi ni shura, mkaa na salfa, na inaharibiwa na unyevu. Ile ya kisahanini, namba nne, ni laini kama unga, kwa hiyo ndiyo inayowahi kushika maji. Fungua kisahani baada ya nusu saa ya hita, iguse kwa ncha ya sindano. Punje zilizokuwa zinateleza zimeshikana vidonge. Na kama asubuhi ulipiga risasi moja kujaribu, basi masizi yaliyobaki mtutuni ndiyo yanayovuta maji kuliko hata baruti. Kidole kikipita pale kinatoka na uji mweusi. Halafu unarudi nje kwenye baridi, na tone lililoko kitunduni linaganda. Sasa una kizibo cha barafu kati ya kisahani na baruti kuu, na kwa macho bunduki ni nzima kabisa.

Kulungu anatokea hatua 40. Jiwe linapiga, cheche zinaruka, kisahani kinawaka fuu, halafu kimya. Kulungu ameshaondoka. Na hapo ndipo penye hatari yenyewe, kwa sababu baruti yenye unyevu wakati mwingine haikatai, inachelewa. Usishushe bunduki, usichungulie kisahani. Mdomo wa mtutu ubaki ulikoelekea, uhesabu dakika nzima. Ndipo uzibue kitundu kwa sindano, utie baruti mpya kisahanini, ujaribu tena. Ikikataa tena, isukumizie baruti kidogo ya namba nne kupitia kitundu chenyewe, punje kwa punje, utie kisahanini, upige kuelekea mahali salama. Ikigoma hata hapo, siku yako imekwisha: goroli, yaani risasi yenyewe, inatolewa kwa kifaa cha gesi ya kaboni dioksidi kinachobanwa kitunduni, au kwa skrubu ya kwenye ncha ya mdeki, ule ufito wa kushindilia, baada ya kuilowesha baruti kabisa kwa maji.

Najua wengi hapa tumekulia karibu na gobore la fataki, na mzee mwenye gobore analala nalo chumbani halafu alfajiri linalia. Fataki ni kofia ndogo inayowaka ikigongwa, inafunika njia ya moto. Gumegume iko wazi kwa hewa kutoka kisahanini hadi ndani. Pennsylvania msimu wa baada ya Krismasi umekuwa wa gumegume tangu 1974, fataki haziruhusiwi, kwa hiyo ushauri wa mtu wa fataki, au wa hizi bunduki za kisasa zinazofungwa nyuma kwa skrubu, usiuchukue. Yule muuzaji wangu nadhani hakuwahi kukaa na gumegume kwenye theluji hata siku moja. Angesema hajui ningemheshimu. Na zile video za jamaa wanaokunywa kahawa garini bunduki ikiwa pembeni, angalia vizuri: hawaonyeshi risasi ya baada ya kahawa.

Kanuni ni moja: bunduki iliyoshindiliwa inabaki kwenye baridi mpaka siku iishe. Mtu anapasha joto mwili, si chuma. Kama ni lazima ushuke, mwaga baruti ya kisahanini kwanza, futa kisahani kwa kitambaa kikavu, chomeka shina la unyoya kwenye kitundu cha moto, fungia mtambo wote kwa kifuniko cha ngozi iliyopakwa mafuta. Iingie kwenye kasha, na kasha lifungiwe kwa ufunguo nyuma ya pikapu, upande ambao hita haifiki. Kumwaga baruti si hiari yako: kwa sheria ya pale, gumegume inahesabiwa haijajazwa pale tu kisahani kikiwa hakina baruti, na bunduki iliyojazwa garini ni kosa. Ukirudi, chomoa unyoya, pitisha sindano, tia baruti mpya. Kama umeshaiingiza kwenye joto, iliyomo ndani ihesabu imekufa. Itoe, kausha, shindilia upya.

Sasa muda. Ukiitunza gumegume inavyotaka, kazi ya kufanya dunguni unayo. Siku kavu, badilisha baruti ya kisahani kila saa moja. Kukiwa na ukungu au theluji inayodondoka, kila nusu saa. Angalia pande zote kwanza, taratibu, usikilize. Geuza bunduki umwage, futa kisahani, futa na makali ya jiwe kwa kitambaa kikavu, maana mafuta ya kidole gumba yanaua cheche. Kaza skrubu ya jiwe kama limelegea kwenye ngozi yake. Sindano kitunduni. Kisha baruti robo hadi nusu ya kisahani, isikizibe kitundu, kwa sababu moto unatakiwa uruke kuingia ndani, si utambae kama utambi. Funga bamba, rudisha ngozi. Usipumue juu ya mtambo unapofanya haya, geuza uso. Chupa ya chai nayo ifunguliwe mbali na bunduki, mvuke wake ni hita ndogo.

Mdomoni mwa mtutu weka kipande cha utepe wa umeme, theluji isiingie. Unapiga risasi utepe ukiwa bado upo. Kupanda na kushuka dunguni, kisahani kiwe kitupu na bunduki ivutwe kwa kamba.

Muziki masikioni, hapana. Kulungu anasikika kwenye majani makavu kabla hajaonekana: hatua mbili tatu, kimya kirefu, hatua tena. Kindi hana kile kimya, anakwaruza mfululizo. Ukiziba masikio umebaki na nusu ya kazi.

Na mafuta ya hifadhi, yale yaliyopakwa mtutuni kuzuia kutu. Kabla ya kushindilia alfajiri, pitisha vitambaa viwili vyenye spiriti mtutuni na kimoja kikavu, uwashe baruti kidogo kisahanini bila kitu ndani ili kitundu kikauke. Kitambaa cha kufungia goroli kipakwe mafuta magumu, ya mnyama na nta ya nyuki, siyo mafuta ya majimaji. Ya majimaji yakikaa saa nane yanashuka kwenye baruti, na hapo hita hata hukuihitaji. Jioni toa kilichomo, na kama ulipiga hata risasi moja, osha mtutu kwa maji ya moto usiku huohuo, ukaushe, upake mafuta. Ukingoja asubuhi, masizi yatakuwa yameshaanza kuula mtutu.