Kipima sukari cha mwanga: leo kinakubali, kesho kinakataa

SWALI: Nimeunda klipu ya kidole ya kupima sukari ya damu, yenye ledi ya nm 940 (nanomita, urefu wa wimbi la mwanga), fotodayodi (kihisi cha mwanga) ya silikoni na Arduino Uno, yaani bodi ndogo ya kompyuta. Siku niliyofundisha programu, majibu yalikaribiana na ya glukomita, kile kipimo cha tone la damu. Kesho yake yalipishana hadi mmol/L 4. Niongeze data au nibadili algorithimu?

JIBU: Yote mawili yaache kwanza. Inaelekea klipu yako haisomi sukari bali joto la ngozi na jinsi kidole kilivyobanwa. Hata karibu na nm 2,270, ambako glukosi hujitokeza zaidi kuliko kwenye 940, badiliko la mmol/L 1 katika milimita 1 ya maji hugeuza mwanga kwa chini ya sehemu 1 kati ya 1,000. Uno hugawa volti zake kwa hatua 1,024 tu! Tena 940 inapakana na 970, kilele ambapo maji humeza mwanga zaidi, nacho husogea joto likibadilika.

Weka ADC (kigeuzi cha volti kuwa namba) ya biti 24. Ledi ilishwe mkondo usioyumba, iwake dakika 10 kabla ya kupima, na fotodayodi ya pili iitazame ledi yenyewe ili ugawanye usomaji wa kidole kwa usomaji wake. Wakati wa kupima, zima na kuwasha ledi mara nyingi kwa sekunde, kisha punguza usomaji wa giza, yaani wa ledi ikiwa imezimwa. Taa za chumbani zitajiondoa. Bana kwa springi ileile, wala si kwa mkono, na ubandike themista (kihisi cha joto) kwenye ngozi.

Ukitaka kuhamia nm 1,600, silikoni haioni kupita 1,100 hivi, kwa hiyo utahitaji fotodayodi ya InGaAs (indiamu, galiamu na aseniki). Huko maji humeza mwanga sana. Kidole ni kinene mno, heri ndewe ya sikio.

Sasa programu. Usichanganye vipimo vyote kisha ukagawa kwa bahati nasibu vya kufundishia na vya kujaribia: kwa kujaribia, tenga vipimo vyote vya siku moja, au vya mtu mmoja, ambavyo modeli haijaviona. Halafu fanya jaribio ambalo wengi hulikwepa. Siku moja mhusika aliyefunga anywe gramu 75 za glukosi, siku nyingine maji matupu kiasi kilekile, saa zilezile. Klipu ikionyesha sukari inapanda siku ya maji, imejifunza wakati wa siku, si sukari.

Dozi ya insulini ibaki kwa glukomita. Februari 2024 FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, ilionya kuwa haikuwa imeidhinisha saa ya mkononi wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi.