Nondo ya mm 12 mbona kilo nane? Maswali yenu ya wiki hii

Injinia shikamoo. Hapa Mbezi maduka mawili yote yanauza nondo za mm 12 ila moja bei iko chini sana. Muuzaji anasema ni zilezile. Nichukue?

Marahaba. Kabla ya bei niambie kilo zake. Chukua unene uzidishe kwa wenyewe halafu gawa kwa 162, unapata kilo kwa mita moja. Kwa mm 12 ni 144 gawa kwa 162, yaani 0.889, na nondo kamili ni mita 12, kwa hiyo kipande kimoja kinatakiwa kifike kilo 10.67 hivi. Kiwango cha Waingereza cha nondo, BS 4449, kinaruhusu kupungua au kuzidi kwa asilimia 4.5 kwa nondo zinazozidi mm 8, so ikiwa chini ya kilo 10.2 hapo unauziwa jina tu. Nimeshakutana na "mm 12" ya kilo nane, ukirudisha hesabu nyuma hiyo ni mm 10 na kidogo, na nguzo ya ghorofa haijui kwamba wewe ulilipia 12.

Pima kumi kwa pamoja, hata mizani ya muuza mkaa inatosha, na urefu upime kwa futikamba usiamini macho. Wanaonunua kwa tani nao wawe makini: tani moja ya mm 12 ni vipande kama 94. Ukihesabu ukakuta 120 usishangilie kwamba umeongezewa, umepewa nondo nyembamba nyingi, na fundi atazifunga kwa idadi ileile iliyo kwenye mchoro!

Mchoro wangu umeandikwa B500B, fundi anasema tutumie greidi 60 ni ileile tu. Kweli?

Si ileile. Hiyo 500 ni nguvu ambayo nondo inabeba kabla haijaanza kuvutika moja kwa moja bila kurudi, inapimwa kwa nyutoni kwa kila milimita ya mraba. Greidi 60 ni ya Wamarekani, wao wanahesabu kwa pauni na inchi, ukigeuza inakuja kama 420. Ile ya zamani ya Waingereza ilikuwa 460. Herufi B ya mwisho ni mambo ya kunyumbulika, nondo ijivute kwanza kabla ya kukatika, ikuonye. Kubadilisha inawezekana lakini aliyechora ndiye apige hesabu upya na aandike kwa saini, sio fundi akwambie mkiwa juu ya slabu.

Mkandarasi kanitumia cheti cha nondo kwa WhatsApp, kina mihuri mingi. Nitajuaje ni cha kweli?

Hili ndo swali la wiki. Mihuri achana nayo kwanza. Tafuta namba ya myeyusho, kila chuma kinachoyeyushwa tanuruni kwa mkupuo mmoja kinapewa namba yake, na namba hiyo inatakiwa iwe kwenye cheti na pia kwenye ile lebo ya bati au plastiki iliyofungwa kwenye furushi la nondo. Zikilingana vizuri. Zisipolingana ulicho nacho ni cheti cha nondo za mtu mwingine. Kuna saiti moja niliitwa, faili limejaa makaratasi mazuri kweli, kumbe ni cheti kimoja kinatolewa kopi kila lori likija, na unene ulioandikwa ni mm 16 wakati chini zimelala 12 na 20, na hakuna aliyewahi kukisoma, kila mtu aliona muhuri akapitisha.

Kingine ni aina ya cheti. Kwa mfumo wa Ulaya wa vyeti vya chuma, EN 10204, aina ya 2.2 kiwanda kinakwambia chuma chetu kwa kawaida kiko hivi, ila 3.1 ni majibu ya vipimo vya mzigo huohuo ulioletewa, na anasaini mkaguzi ambaye hayuko chini ya idara ya uzalishaji. Dai 3.1. Alama ya TBS, shirika letu la viwango, nayo angalia, lakini alama inasema bidhaa ya kiwanda ilipitishwa, haisemi lori lako lilibeba nini. Ukiwa na shaka kata vipande vya kama mita moja kutoka kila unene, uchague mwenyewe sio muuzaji akuchagulie, peleka maabara zivutwe mpaka zikatike.

Nondo zangu zimeota kutu, mvua za masika zimezinyeshea. Nizitupe?

Kutu nyekundu ya juujuu haina shida. Ikitoka magamba piga brashi ya waya halafu rudi kwenye mizani kama jibu la kwanza.

Najenga godauni, mchoro unataka mihimili ya S355, muuzaji kaleta Q235 ya China anasema unene ni uleule. Nimeipima, uzito uko sawa.

Hapa sasa mizani haikusaidii. Namba hizo ni nguvu, kama ile 500 ya nondo. Chuma cha 235 na cha 355 vina uzito uleule, rangi ileile, hata kupinda chini ya mzigo mdogo vinapinda sawasawa, tofauti inaonekana mzigo ukizidi, na ikishaonekana umechelewa. 235 ni kama theluthi mbili ya 355. Hiyo usipokee. Angekuletea Q355 mngekuwa na la kuongea, injinia angelinganisha cheti na mchoro, manake hata S355 yenyewe ikizidi unene wa mm 16 nguvu inashuka kidogo.

Fundi anataka kuunga nondo kwa kuchomelea badala ya kupishanisha.

Mwambie apishanishe, yaani alaze ncha za nondo mbili sambamba zipitane, kwa urefu ulioandikwa kwenye mchoro. Nondo nyingi za siku hizi zimepata ugumu wake kwa kupozwa ghafla na maji kiwandani, ukizipiga moto unaua hiyo kazi. Kama mchoro wenyewe unataka kuchomelea, basi soma kwenye cheti kile kipimo cha kaboni linganifu (kinaonyesha kama chuma kinachomeleka vizuri), kisizidi 0.50, na mchomeleaji awe mwenye kazi yake, sio yule anayetengeneza mageti hapo kona.