Mbaazi zinanimalizia mkaa

SWALI: Shikamoo Bibi. Nimeolewa mwaka huu, tumepanga Mikindani. Mume wangu ananiachia shilingi 5,000 ya matumizi kwa siku. Nikipika mbaazi za nazi, kopo la mkaa linaisha hazijaiva, halafu tui linakatika. Jirani ananiambia nitie magadi. Na mume mwenyewe anataka samaki kila siku. Nifanyeje? (Mke mchanga)

JIBU: Marahaba mwanangu. Magadi yanalainisha kweli, lakini yanaua vitamini na mchuzi unanuka sabuni. Mshukuru jirani, ila usimfuate.

Mbaazi kavu zichague, uziloweke usiku kucha. Asubuhi mwaga yale maji, bandika kwa maji mapya bila chumvi. Zikishachemka vizuri, toa makaa mawili matatu jikoni, funika, weka jiwe juu ya mfuniko. Kinachokumalizia mkaa ni kufunua kila saa kuchungulia. Chumvi ingoje ziive. Zikija mbichi sokoni, hata kuloweka huna haja.

Sasa tui. Kwa watu wawili ukune nusu nazi, nusu ya pili iache kwenye kifuu chake mpaka kesho. Kamua kwa maji vuguvugu kidogo, hilo tui zito liweke kando. Machicha yatie maji tena, ukamue tui jepesi; hilo ndilo linalotangulia kwenye mbaazi pamoja na kitunguu na bizari. Likishapungua, mimina zito, moto mdogo, bila kufunika, koroga polepole usiache mpaka litokote. Hapo ndipo mabibi harusi wengi mnapoitwa mlangoni mkaenda kupiga soga, mkirudi limekatika.

Samaki kila siku kwa 5,000? Hapana. Siku ya mbaazi na ugali wa muhogo hamna haja ya samaki. Siku ya kisamvu, badala ya nazi, twanga korosho zilizovunjika, zile vipande. Ni rahisi kuliko nzima na mchuzi unakuwa mzito vilevile. Ila kisamvu kitwange kilainike, ukichemshe sana, maana kibichi kina sumu.

Samaki mpe mara mbili kwa wiki. Nenda ufukweni mashua zinaporudi, chagua mwenye jicho angavu na shavu jekundu. Mkiwa wawili, mnunue mmoja mkubwa wewe na jirani yako, mgawane. Kichwa kiombe wewe, kwa mchuzi wa chukuchuku.