Jibu: Churchill alishinda vita, mbona akaangushwa kwenye uchaguzi?

Waalaikum salaam dadangu. Umesema kijana wako amekwama hapo: Churchill, waziri mkuu wa Uingereza, kashinda Vita vya Pili vya Dunia, mbona Waingereza wakamtoa 1945? Hata mimi swali hili lilinitesa, nikisomesha watoto wa mtaa jioni hapa Majengo.

Kwanza aangalie tarehe. Ujerumani ilisalimu amri Mei. Kura zikapigwa Julai 5, matokeo yakatoka Julai 26 kwa kungojea kura za wanajeshi walioko ng'ambo. Asiandike kwamba raia walimchukia. Walimpenda, lakini kama kiongozi wa vita. Sasa walitaka nyumba, kazi na matibabu, na hayo Attlee wa chama cha Leba aliyaahidi waziwazi. Naye si mgeni, alikuwa naibu wa Churchill serikalini wakati wa vita! Mimi huchora mstari katikati ya ubao, vita huku, nyumba na kazi kule, ndipo watoto huguna, "kumbe!"

Leba ilipata viti 393 bungeni. Churchill naye alijiharibia redioni mwezi Juni, aliposema serikali ya kisoshalisti, yaani ya Leba, ingehitaji kitu kama Gestapo, wale polisi wa siri wa Hitler.

Alirudi madarakani 1951. Na kumbe alishawahi kuteremka papa hapa Mombasa, 1907, akiwa naibu waziri wa makoloni. Mwalimu atalipenda hilo.